Ramani Isiyo na Mikorosho

Twahiru hakusoma. Miaka arobaini na tatu mkewe Sikudhani ndiye aliyemsomea kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho. Mwezi wa kumi, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, lori lilimgonga na kumuua Sikudhani akivuka barabara ya Masasi na ndoo ya maji kichwani. Tangu siku hiyo mzee anajibu salamu, basi.

Mwezi wa pili watu wa mipango miji walifika shuleni. Walitaka watoto wachore mtaa wao, pembezoni mwa Newala, waonyeshe wanapopita na wanapoogopa. Mwalimu Bertila akawapa karatasi moja kubwa. Wakachora kama watu wa huku wanavyoelekezana njia: mikorosho kwanza. Mkorosho wa Adija. Mkorosho uliopigwa radi. Mkorosho wa Bibi Sikudhani, kando ya barabara, pale alipogongwa. Hapo Faidha wa darasa la tano akatia mistari mitano myekundu. Tuta, magari yapunguze mwendo, watoto wavuke.

Kabla karatasi haijachukuliwa, Faidha aliipitisha kwa Twahiru.

"Shikamoo babu. Hapa nimekosea?"

Twahiru aliitazama. Herufi hakuzijua, lakini alijiona akitembea mle ndani, mti kwa mti, mpaka kwenye ile mistari.

"Marahaba. Hukukosea."

Wiki ile hakusema zaidi ya hapo.

Mwezi wa tano mtaa mzima uliitwa darasani kuonyeshwa mpango. Ofisa Edson, shati limenyooka, alibandika ramani ubaoni. Safi kabisa. Barabara, soko, maegesho ya malori. Watu wakapiga makofi. Kisha ikapita fomu, kila mzee atie dole gumba kwamba wameshirikishwa, wao na watoto wao. Ilipomfikia Twahiru, ikakaa.

"Mzee wangu, dole tu hapo. Tuna safari ya Masasi."

"Nionyeshe alipofia mke wangu."

Kidole cha Edson kikazunguka juu ya ramani.

"Ni... maeneo haya, mzee."

"Hapo ni msikitini."

"Makubwa!" akasema Mama Nuria kutoka nyuma. "Anatupangia mji, hata njia ya chooni haijui!"

Watu wakacheka. Twahiru hakucheka.

"Mchoro wa watoto tuliutumia," Edson akasema. "Ila walijaza mikorosho kila mahali. Mji haupangwi kwa miti. Tukaitoa yote, ramani ipate kusomeka."

"Mkatoa na tuta."

"Lilikuwa... walilichora pamoja na mti, mzee. Likaondoka nao."

Twahiru akasimama.

"Isomeke na nani? Mliwaita wana wa watu, mkawapiga picha na kalamu mkononi. Wakawaonyesha mahali watu wanapofia. Mkafuta. Mimi sijasoma, na karatasi yao niliielewa. Wewe umesoma mpaka basi."

"Tutaliingiza kwenye marekebisho. Wiki ijayo..."

"Wiki ijayo! Kesho asubuhi watoto hawavuki?"

Edson akatazama saa yake. Hilo ndilo lililomaliza uvumilivu wa mzee.

"Faidha," mzee akaita. "Njoo na kalamu yako."

Mtoto akamtazama mwalimu. Bertila akamwashiria kwa kichwa, nenda.

"Hiyo ni mali ya ofisi!" Edson akanyanyuka.

"Na huyo ni mtoto wa mtaa," Bertila akamjibu. "Mlisema mnataka mawazo yake."

Faidha akaweka kidole kwenye ramani, mahali palipokuwa peupe. Akakisogeza polepole, akinong'ona: wa Adija, wa radi... Akasimama. Akapiga mistari mitano myekundu, mmoja mmoja, mpaka ramani ikatoboka kidogo.

Twahiru alikwenda mbele, akagusa wino wa fomu. Fomu hakuitazama. Akagandamiza dole gumba lake juu ya ramani yenyewe, pembeni ya mistari, kwa nguvu, kama anayetaka kuupasua ubao.

"Mimi nimeshirikishwa hapa," akasema. "Pengine popote, sijui kitu. Ipeleke hivyohivyo."

"Mzee, umeiharibu. Haitapokelewa."

"Basi irudishe. Utatukuta."

Edson akanyoosha mkono aibandue. Hakuifikia. Mama Nuria alikwishasimama kati yake na ubao, dole gumba limelowa wino, na nyuma yake foleni.