Ngege Walioitikia Kijiko

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi kule Kibuli, na niliamini kwamba kila kiumbe kinangoja kufundishwa na mimi. Nyumba yetu ya Naguru ilikuwa na tangi la saruji nyuma ya jiko. Nyama ilipoadimika nikatia humo samaki wadogo aina ya ngege, tuwanenepeshe tuwale. Badala ya kuwanenepesha, nikawasomesha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilitaka kumkunja angali anaogelea.

Nilikuwa nikigonga ukingo wa tangi kwa kijiko, kisha natupa makombo ya posho, ugali wetu wa mahindi. Haukupita muda mrefu, wakawa wanapanda juu midomo wazi kabla sijatupa kitu. Hata gauni langu la manjano walilijua. Mume wangu aliwahi kumchota mmoja kwa chujio akamkaanga, basi akipita yeye, wote wanazama chini kabisa. Niliwaalika majirani waje kuona, nikawahutubia mpaka wakaaga kwa uchovu.

Sisi wenyewe tulikuwa tumefunzwa kinyume. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, jamaa na rafiki waliita kwanza kutoka barabarani, ndipo wakabisha. Aliyebisha bila kuita alikuwa askari, na nyumba nzima ilikaa kimya.

Jumapili moja mchana mlango ukabishwa, na hakuna aliyeita. Wiki hiyo mwenzake mume wangu, aliyefanya naye kazi ofisini Nakasero, alikuwa amechukuliwa na hakurudi. Mume wangu akaingia uvunguni mwa kitanda. Mimi nikajibanza kando ya dirisha la jikoni.

Wanajeshi wawili wakazunguka nyuma. Mmoja akaegemea tangi, akawa anagongagonga ukingo kwa kitako cha bunduki. Wanafunzi wangu wakaja wote, midomo wazi.

"Angalia," akamwambia mwenzake, "samaki ya hapa nakuja yenyewe."

"Hii iko na adabu kushinda watu."

Wakacheka, wakachukua ndoo yangu ya kufulia, wakawazoa kwa mikono. Hakuna hata mmoja aliyekimbia. Kisha wakaenda zao na ndoo, mlango wetu wakausahau.

Mume wangu alitoka uvunguni na utando wa buibui nyweleni, akanikuta nimeinamia tangi tupu, nalia kwa kwikwi. Akanishika bega. "Basi, mke wangu. Niko hapa, hawakunipata."

Nilimkumbatia kwa nguvu, maana nilimpenda, na sikuthubutu kumwambia kwamba nilikuwa nalilia samaki.