Jogoo wa Maonyesho

Jirani yetu wa Mbuji alizungumza na jogoo wake kwa sauti ya chini kuliko aliyotumia kanisani. Kila asubuhi alimwosha miguu kwa sabuni, akampaka kilemba mafuta ya karanga, kisha akamgeuzageuza juani akitafuta unyoya uliopinda. Jogoo huyo alitokana na mayai ya kuku wekundu wa kisasa aliyoyapata misheni, na ili damu isichanganyike aliwauza kuku wake wote wa kienyeji. Walibaki jogoo huyo na matetea wawili waliokuwa wakiatamia mayai, na Jumamosi Bwana Shamba angefungua maonyesho ya mifugo kule Mbinga.

Alhamisi mkwewe, Mzee Wendelini, alipanda kutoka Lituhi bila taarifa. Nilikuwa uani kwa jirani, namsaidia mkewe kuchambua maharage. Mkwe huonyeshwa kuku akiwa hai, ndipo achinjwe. Hilo halikuhitaji kusemwa. "Baba Luisa," mkewe aliita, "au baba yangu nimpikie majani ya maboga?" Jirani alisimama mlangoni mwa banda, vidole vikifungua komeo na kulifunga tena. Hatimaye alitoka na jogoo kifuani, akapiga goti. "Mboga yako hii, baba." Mzee akampima uzito mkononi, akampapasa kifua, akacheka. "Huyu simli! Nifungie miguu, naondoka naye." Mke wa jirani akaacha kuchambua. Jirani akachana pindo la shati lake, maana kamba ingemchubua, akamfunga taratibu. "Baba, njiani usimkunje mkia."