Naonja Dawa ya Bibi Yangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka 25, karani katika ofisi moja Mirongo. Naishi Buswelu na bibi, mzaa mama, aliyetoka Kagera kuja kutibiwa saratani. Hospitali walimpa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa nne.

Bibi hapokei kinywaji ambacho aliyekimimina hajakionja mbele yake. Kwao ndivyo unavyomhakikishia mtu kwamba hakuna sumu. Nilimwambia, "Bibi, hii ni dawa, si pombe ya rubisi."

"Basi onja, mjukuu wangu, nami nitakunywa."

Nikaonja. Ilikuwa chungu, lakini baadaye nikajisikia mwepesi, hofu zangu zote za kazini zikanyamaza. Nikawa naonja kila mara, kidogo, kisha zaidi ya kidogo. Bibi akacheka, "Unaonja au unamaliza? Nani mgonjwa humu ndani?"

Wiki tatu zilizopita nesi anayetutembelea alinikuta nikionja. Alinivuta pembeni. "Dada, acha leo hii. Bibi ana maumivu, wewe huna. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, ndiyo inayouambia hiki ni kizuri, kirudie. Dawa hii huimwaga nyingi kuliko chakula au furaha yoyote. Ubongo ukishazoea, raha inapungua, hamu inabaki."

Nikamjibu nimeonja siku hiyo tu. Nilidanganya, na alichosema ndicho kinachonipata. Ule wepesi wa mwanzo siupati tena, ila nikiwa ofisini nawaza chupa tu. Hata samaki sato niliyekuwa nampenda hana ladha. Nilijaribu kuacha siku mbili, nikatokwa jasho, tumbo likanikata, nikarudia. Na ili chupa isionekane imepungua, naongeza maji.

Jana asubuhi nilimkuta bibi ameuma shuka kwa maumivu. "Dawa ya siku hizi imechoka," aliniambia. Kisha akanisogezea kikombe. "Onja kwanza."

Nikaonja.

Kesho saa nne nesi anakuja. Nikisema ukweli, naogopa watakataa kutuachia dawa nyumbani, naye ateseke zaidi. Nikinyamaza, nitaendelea kumnywesha maji. Bibi anataka nionje ili asidhuriwe na mkono wa mtu, na mkono wenyewe ni wangu.

Nishaurini, ndugu zangu. Nesi akipiga hodi, neno la kwanza nimwambie lipi?