Irio Isiyo na Chumvi

Juzi katibu wa akina mama kanisani alinipigia simu. "Shosho, bibi yetu, Jumapili ya mavuno utatuletea nini?" Nikamwambia nitafikiria. Akacheka, akasema nisijisumbue, hata soda zinatosha. Lakini, mwenzangu, nilipoweka simu chini nilibaki pale kitini mpaka chai ikapoa. Swali lile lilinirudisha Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli nilikokulia, mwaka ambao mama yangu aliulizwa vivyo hivyo, na jibu lake likamkosesha Baba usingizi.

Tulikuwa watoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa karakana, na chumba chetu kilipakana ukuta kwa ukuta na cha mama mmoja jirani aliyetoka Murang'a. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha karakana, kisha moshi wa makaa, kisha sauti za Mama na huyo jirani wakipuliza majiko yao nje.

Karamu ya mavuno kwetu ilikuwa kama Krismasi ya pili. Baada ya ibada, madawati yaliunganishwa yakawa meza ndefu na kila nyumba ikaleta chungu chake. Mama alijulikana kwa mboga ya majani ya kunde, ile ya kulazwa na maziwa siku mbili tatu hadi uchungu uishe. Jirani alijulikana kwa irio, chakula cha kwao. Alichemsha mahindi, njegere, viazi na majani ya malenge, akaviponda pamoja kwa mwiko mnene huku jasho likimtiririka, mpaka sufuria nzima ikawa ya kijani. Sisi watoto tulianzia kwake, hata nyama ilisubiri.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwashuku watu wote wa kabila la jirani kuwa waasi. Asubuhi moja tuliamka tukakuta askari wameuzunguka mtaa. Wanaume wa kwao walipakiwa kwenye malori, mume wa jirani akiwa mmoja wao. Siku chache baadaye, jirani mwenyewe na watoto wake nao wakachukuliwa warudishwe kwao. Aliruhusiwa kufunga mzigo mmoja tu. Mama alisimama mlangoni, wakatazamana tu, maana askari alikuwa katikati yao. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja. Kanisani upande mmoja wote ulibaki wazi, na watu wakaanza kukaa wametawanyika ili pengo lisionekane.

Mavuno yalipokaribia, akina mama walikutana kupanga nani ataleta nini. Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguuni pa Mama. Walipomfikia akasema, "Irio."

"Hutaleta kunde?" kiongozi wao akauliza.

"Mwaka huu ni irio."

Jioni ile Baba hakugusa chakula. "Unataka watu waseme tuko upande gani?"

"Ni viazi na mahindi, Baba Watoto."

"Siku hizi si viazi na mahindi. Ile nyumba ya mwisho ilipekuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Nikifukuzwa kazi, watoto hawa watalala wapi?"

"Nilipomzaa huyu," Mama akasema, akimwonyesha mdogo wangu aliyelala, "wewe ulikuwa zamu ya usiku. Nani alinilisha? Nilikula irio ya mkono wake mpaka nikapata nguvu. Siwezi kwenda kwenye meza ile kana kwamba hakuwahi kuwapo."

Usiku kucha Baba alijigeuzageuza kitandani, lakini hakukataza.

Shida ni kwamba Mama hakuwahi kupika irio maishani mwake. Na viazi vilikuwa adimu, maana wengi waliokuwa wakiviuza nao walikuwa wameondolewa. Tukatembea mimi naye hadi mtaa wa Majengo, kwa bibi mmoja Mwislamu aliyeuza nafaka barazani kwake. Alimsikiliza Mama, akatazama barabarani kwanza, ndipo akaingia ndani na kutoka na viazi alivyokuwa amejiwekea mwenyewe.

"Viponde vikiwa moto," akamwambia kwa sauti ya chini. "Vikipoa vitakushinda. Na usisonge kama ugali wenu, mwanangu."

Mama akasonga kama ugali. Mkono ulikuwa umezoea hivyo. Irio ikatoka ngumu, majani yakawa meusi, na alipoionja alifunga kifuniko.

Jumapili aliiweka mezani akaifunua. Watu walipita na sahani zao, wakachota wali, wakachota kuku, wakairuka sufuria yetu. Baba alikuwa amesimama mbali, karibu na lango, kofia mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akafika mzee wa kanisa, mtu mkali ambaye hata Baba alimwogopa. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee."

Akachota kijiko, akatafuna polepole, watu wote wakimtazama.

"Haina chumvi," akasema.

Mama akaanza kuomba radhi, lakini kabla hajamaliza, mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Yeye alikuwa akitia chumvi wakati wa kuponda."

Alisema "yeye" tu, lakini kila mtu alijua ni nani. Mwingine akanyoosha mkono, akaonja. "Na ya kwake ilikuwa laini. Hii unaweza kujengea nyumba!" Watu wakacheka. "Alikuwa akiacha punje za mahindi nzima nzima." "Na kitunguu cha kukaanga juu, mmesahau?" Muda si muda walikuwa wameizingira ile sufuria, kila mmoja na sahani, kila mmoja akiisema vibaya irio ya Mama, na kwa mara ya kwanza tangu malori yaondoke jina la jirani likatajwa kwa sauti. Mama alikuwa akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya leso. Ndipo yule mzee akaweka sahani chini, akatuambia tusimame, akawaombea waliochukuliwa, nyumba baada ya nyumba. Alipomaliza, Baba alitoka kule langoni, akachota iliyobaki, akaila akiwa amesimama bega kwa bega na Mama.

Hakuna aliyekuja kutupekua. Chumba cha jirani kilipewa watu wengine. Baada ya Uhuru, Mama alimuuliza kila mtu wa Murang'a aliyekutana naye, hadi uzee wake, na hakupata habari.

Mimi ninachokililia sana ni Kiswahili chao. Wanawake hao walipokaa kwenye majiko yao, walizungumza Kiswahili walichojitengenezea wenyewe, maneno ya kwao Mama yamechanganywa na ya kwao jirani, sarufi imepindwa walivyotaka. Walikuwa na neno lao la mtu mvivu, na lingine la mvua inayonyesha jua likiwaka. Mwalimu wetu angetuchapa kwa kukisema. Jirani alipoondoka, Mama alikosa wa kuzungumza naye hivyo, na Mama alipofariki nilibaki mimi peke yangu ninayekijua. Mara nyingine nikiwa jikoni neno moja hunitoka kinywani bila kutaka, na hakuna wa kuniitikia.