Bernadeta Kwenye Ukingo wa Ngorongoro

Bernadeta aliwapikia wanachuo wa Butimba kwa miaka ishirini na saba, na katika maisha yake yote aliogopa kitu kimoja tu: kuwa juu. Alizaliwa Misungwi, kwenye tambarare. Alipoolewa, mumewe alipata nyumba Igogo, juu ya mawe, ziwa lote likionekana. Bernadeta aliitazama kutoka barabarani akasema hapandi. Wakapanga chini.

Alipostaafu, mwanawe Pius, muuza vipuri wa Igoma, akaamua kumpeleka Karatu kwa dada yake Gladness, aliyekuwa amejifungua.

"Tutapita hifadhini, mama. Utaona tembo."

Habari ya mlima hakumwambia.

Serengeti aliwaona tembo kweli, na swala wasio na idadi, akacheka kama msichana. Saa kumi jioni barabara ikaanza kupanda Ngorongoro. Baridi ikaingia. Kisha ukashuka ukungu mzito, hata boneti ya gari isionekane.

"Pius, simama!"

"Hapa hapasimamwi, mama. Lori likitoka nyuma litatugonga."

Bonde lilikuwa kushoto, upande wake. Alifumba macho akishika rozari. Lakini akasikia mwanawe anahema, akafumbua. Pamoja na baridi ile, jasho lilimtiririka Pius.

"Mama, kushoto sioni kitu. Chungulia, unielekeze."

Bernadeta akateremsha kioo, akatoa kichwa nje. Ukingo wa barabara ulikuwa hatua moja kutoka kwenye tairi, na baada ya hapo hakukuwa na kitu, weupe tu.

"Kulia kidogo. Kulia! Haya, nyooka."

Wakaenda hivyo, mwendo wa kinyonga. Ghafla taa za basi zikatokea mbele, katikati ya barabara. Pius akavuta usukani kushoto.

"Simama, mwanangu! Simama!"

Gari likasimama huku limeinama. Basi likapita, likikwaruza kioo cha pembeni. Bernadeta aliona mawe madogo yakiteleza chini ya tairi na kupotea. Alisubiri kuyasikia yakitua. Hakusikia.

"Rudi nyuma," alisema. "Polepole. Bado. Bado. Haya, sasa kulia."

Ilipita nusu saa ndipo ukungu ulipopasuka. Kule chini kabisa likaonekana bonde lote la kijani, na ziwa dogo liking'aa. Pius akapunguza mwendo.

"Ona, mama! Watu wanatoka Ulaya kuja kuona hapa."

Bernadeta aliangalia, labda kwa sekunde tatu.

"Nimeona. Endesha."

Karatu alipofika alimpakata mjukuu wake. Wiki mbili baadaye Pius alimpigia simu kwamba anakuja kumchukua. Bernadeta akamwambia ameshakata tiketi ya basi la kupitia Singida, lisilopanda Ngorongoro. Njia hiyo ilimchukua siku nzima na miguu ikamvimba, lakini hakulalamika hata kidogo.