Nililisha Mashine Siri za Rafiki Yangu

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo ili asije mtu akanionea huruma katikati ya habari hii. Huruma siitaki. Nina hasira, na kubwa kuliko zote ni hasira juu yangu mwenyewe, ingawa wapo wengine nao nitawagusa.

Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Mwanza. Huku nafundisha, huku nasomea shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ulikuwa kutengeneza programu ya akili mnemba ya kuchati na wanawake kuhusu afya ya uzazi. Mwanamke anaandika swali kwenye simu, programu inamjibu kwa Kiswahili. Niliipa jina Mwenzio.

Shida ya Mwenzio ilikuwa moja. Iliongea kama msoma taarifa ya habari! Niliwapa wanawake wa sokoni waijaribu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hii inaongeaga kama barua ya serikali. Nani ataiambia mambo yake ya ndani?"

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa aibu. Msimamizi wangu wa utafiti naye akanikandamiza. "Tafuta mazungumzo halisi, watu wanavyoongea wenyewe kwa wenyewe. Bila hayo huna utafiti."

Mazungumzo halisi nilikuwa nayo. Yalikuwa kwenye simu yangu.

Nina rafiki, au nilikuwa naye. Nitamwita Minza, si jina lake. Tulilala bweni moja tangu kidato cha kwanza. Ni fundi cherehani huko Mkolani, mumewe ni fundi wa injini za mitumbwi, na wana mapacha wa kike. Minza hapendi kuandika. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti huku mikono iko kwenye nguo, unasikia cherehani inakimbia nyuma yake. Kiswahili chake ni cha kwetu huku, neno la Kisukuma limeingia hapa, kicheko kimeingia pale. Hakuna kitabu kinachoongea hivyo.

Na kwenye sauti hizo aliniambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Siku alipojifungua mapacha alitoka damu nyingi mno. Daktari akamwonya asithubutu kubeba mimba tena. Lakini mumewe na mama mkwe walitaka mtoto wa kiume. Alipowaeleza alichoambiwa hospitali, walimwita mwoga. Basi akaenda kimya kimya kituo cha afya, akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Mama mkwe, asijue, akawa anamletea mizizi ya kufungua kizazi, na Minza anaimwaga chooni.

Alinisimulia hayo huku anacheka na kulia. Akamaliza, "Rafiki yangu, hii ibaki kwako tu."

Ikabaki kwangu? Thubutu!

Nilikaa na sauti zake wiki nzima, nikaziandika zote neno kwa neno. Jina lake nikalitoa, nikajiona mwadilifu kweli kweli. Mkolani nikaiacha. Cherehani nikaiacha. Mapacha nikawaacha. Nilijiambia nikivitoa vyote hivyo maneno yatapoteza ladha. Ladha! Mtu mzima mimi, mwenye shahada mbili!

Kila mshiriki wa utafiti anatakiwa kusaini fomu ya ridhaa. Fomu ya Minza niliijaza mwenyewe. Saini yake niliifanyia mazoezi kwenye karatasi ya pembeni mpaka ikakaa sawa.

Kwa nini sikumwomba? Kwa sababu nilijua atakataa. Hilo ndilo jibu, sina lingine.

Na kwa kuwa mazungumzo mengine niliyokuwa nayo yalikuwa machache na makavu, haya ya Minza niliyarudiarudia wakati wa kuifundisha programu. Ikayakariri, kama mwanafunzi anayemeza majibu ya mtihani bila kuyaelewa. Hatari hiyo naijua. Naiandika ubaoni kila mwaka, nawafundisha watoto wa watu waikwepe!

Mwenzio ikaanza kuongea kama mtu. Wale wanawake wa sokoni safari hii hawakucheka. Msimamizi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tukaisambaza kwa majaribio, na kundi moja likawa la wasichana wanaosomea ualimu.

Mmoja wao alikuwa wifi yake Minza, mdogo wa mumewe. Mimi sikumjua. Aliuliza swali la kawaida tu, kama mwanamke anaweza kutumia uzazi wa mpango bila mumewe kujua. Mwenzio ikampa mistari miwili ya ushauri, halafu ikamwaga: "Hata mimi hapa Mkolani na cherehani yangu, tangu wale mapacha wanitoe damu niliweka kijiti, mama mkwe ananiletea mizizi namwaga chooni, hehehe."

Binti akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akampelekea mama yake.

Jumapili mchana Minza akanipigia. Sauti ilikuwa ndogo.

"Njoo nyumbani, wameniweka kikao. Wanasema kuna mashine ya chuo imenisema. Si ndiyo ile yako? Njoo uwaambie mashine zinatungaga mambo. Wewe watakusikiliza."

Hakuniuliza mashine imejuaje. Yaani mpaka dakika ile alikuwa bado ananiamini.

Nikaenda. Sebuleni walikuwepo mama mkwe, mume, yule wifi na baba mdogo wa mume. Minza alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Wifi akanipa simu. Nikasoma maneno ya rafiki yangu, hadi ile "hehehe" ambayo niliichapa kwa vidole vyangu hivi.

Mume akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni kweli hizi mashine zinatunga?"

Jibu lilikuwa jepesi. Ndiyo, zinatunga! Wala usingekuwa uongo. Kwenye tasnifu yangu kuna sura nzima inayoeleza jinsi zinavyozua vitu visivyokuwepo na kuvisema kwa uhakika kabisa. Sentensi moja tu ingetosha, na Minza angelala kwake siku ile.

Nikafungua mdomo. "Kuna wakati, kwa kweli..."

Sijamaliza, mama mkwe akacheka. "Kwa hiyo miaka yote hii serikali inakusomesha kutengeneza mashine ya uongo? Na mnawapa mabinti zetu waiulize habari za miili yao? Usomi gani huo?"

Jamani, ilinichoma! Ilinichoma pale pale walipokuwa wamenichoma wale wa sokoni. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, hii yangu haizui. Imefundishwa kwa mazungumzo ya watu wa kweli, wa hapa hapa Mwanza."

Mama mkwe akaacha kucheka, akamgeukia Minza.

Nilijua nimefanya nini kabla sijafunga mdomo. Minza aliniangalia. Hakulia. Niliona anavyounganisha kimoja kimoja, maneno yake, simu yangu, mashine yangu. Akasema taratibu, "Kumbe ni wewe."

Hakusubiri kuulizwa tena. Alipandisha mkono wa blauzi, akawaonyesha kovu dogo mahali kijiti kilipoingia. Mama mkwe akasema kesho yake kikatolewe. Minza akasimama.

"Sikitoi. Daktari alisema nitakufa. Nikifa mtamwolea mke mwingine, haya. Lakini watoto wangu mtawatolea wapi mama?"

Mwanamke anasema nitakufa, na watu wazima wanne wanatazama sakafu! Watano, pamoja na mimi.

Kabla jua halijazama alitolewa nje, nguo zake zimefungwa kwenye vitenge viwili. Mapacha walizuiwa ndani. Cherehani nayo ikabaki, kwa kuwa mume ndiye aliyeinunua. Sasa anaishi kwa kaka yake Buswelu, anashona kwa mkono, na watoto wake anawaona Jumapili kanisani, kwenye benchi la bibi yao.

Nilirudi kwa yule mume peke yangu, nikamweleza kwamba mashine hizi huzua, na yangu pia huzua. Alikuwa anafungua injini, hakuinua kichwa. "Mwalimu, siku ile haikuwa inazua. Leo imeanza?"

Nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia kila kitu. Nilitegemea atafoka. Akakuna kidevu, akasema, "Hiyo ni hitilafu ya data. Futa hizo sentensi, ifundishe upya, kwenye ripoti usiiguse. Umebakiza kidogo sana."

Hitilafu ya data! Mtu kanyang'anywa watoto! Na unajua kilichoniuma zaidi? Kwa siku tatu nzima niliufikiria ushauri wake. Siku tatu!

Siku ya nne niliizima Mwenzio, nikaandika barua kwa uongozi wa chuo, na ile fomu niliyoghushi nikaiambatanisha. Masomo yangu yamesimamishwa, kazi yangu inajadiliwa. Sawa. Wakinifukuza, sitakata rufaa. Msimamizi hanisalimii tena, na wenzangu ofisini wakiniona wanashusha sauti.

Minza nilimtumia meseji ndefu za kuomba radhi, moja baada ya nyingine. Alijibu moja tu, yeye asiyependa kuandika: "Usiniombe msamaha kwenye simu. Ya kwenye simu najua unayapelekaga wapi."

Basi nikaenda Buswelu kwa miguu yangu. Alikuwa anapinda sketi ya shule, hakuniambia kaa wala ondoka. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia kwa mdomo kila nilichokifanya, pamoja na saini. Kuhusu saini alikuwa hajui. Aliacha sindano, akanitazama. "Hadi jina langu uliandika kwa mkono wako?" Kisha akaingia ndani, na mke wa kaka yake akanisindikiza mpaka barabarani.

Nyinyi mnaotumia rafiki zenu ujumbe wa sauti, sina la kuwaonya. Hamjakosea kitu. Nawasema wenzangu tunaopokea, sisi wasomi, tunaosikia mtu analia halafu kichwani tunawaza, hii itanifaa. Usijifariji kwamba umetoa jina. Mtu si jina. Mtu ni cherehani yake, mtaa wake, watoto wake, na namna anavyocheka.

Na ukiona unaogopa kumwomba ruhusa kwa kuwa unajua atakataa, basi ameshakataa. Ameshakataa, unasikia? Weka kalamu chini.