Mkono Mmoja Mfukoni

Ninapofanya kazi yangu ya mikono, mkono wa kushoto hukaa mfukoni. Ukigusa umeme mkali kwa mkono mmoja, huku mwingine umeuficha, huenda ukaungua kidole, ukapiga kelele na kuishia hapo. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme huingia upande huu na kutokea upande ule, na katikati ya njia yake upo moyo. Kwa hiyo mkono wangu hukaa mfukoni umeshika rozari ya mbao. Mke wangu husema mfuko huo ndio kikanisa changu, maana humo nasali zaidi kuliko kigangoni nilikofundisha katekisimu hadi nikazeeka.

Ninaunda amplifaya za taa. Taa ninazozisema ni zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio kubwa za zamani. Ukiwasha, zinangoja kidogo, nyuzi zake zinaanza kuiva kama makaa, ndipo sauti inakuja. Nilipokuwa mtoto, misheni walikuwa na redio ya namna hiyo. Sauti yake ilikuwa nene na imetulia, kama ya mtu mzima anayezungumza akiwa ameshiba. Sikuisahau. Nilipostaafu nikaanza kutafuta redio mbovu, kwa majirani na kwa mafundi wa Kahama, nikawa natoa taa zilizo hai na kuziunganisha upya kwa lehemu, waya kwa waya. Sijaunda nyingi. Ni kazi ya polepole, nami namshukuru Mungu aliyenipa uzee wenye nafasi ya mambo ya polepole.

Ila hazitaki mzaha. Taa hizi hudai umeme wa volti zaidi ya mia nne, na umeme huo hutunzwa kwenye kapasita, vijikebe vya bati ambavyo kazi yake ni kama ya mtungi. Ukizima swichi, mtungi bado umejaa. Kama taa zimepachikwa na zina moto, zitaunywa umeme uliobaki, na mara moja utakwisha. Kama hazijapachikwa, hakuna wa kuunywa. Unabaki humo kimya, hauna mlio wala harufu. Ndiyo maana kabla sijatia mkono huchukua kijiti changu kikavu, chenye waya na resista, kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya umeme, kwenye ncha, nikaumwaga kwanza.

Mke wangu alijua yote haya, kwa sababu alinilazimisha nimfundishe.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "ukianguka hapo barazani nifanyeje? Nikushike?"

"Usinishike. Chomoa waya ukutani, halafu nisukume kwa kitu cha mti."

"Mwiko?"

"Mwiko mkavu unafaa."

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa na ruhusa ya kukupiga mwiko, hukusema!"

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Wewe ukijiua, hiyo ni yako na Mungu wako. Ila ukiniulia mtoto wa watu kwenye nyumba hii, sitakaa na wewe."

Nilijua hatanii. Tangu siku hiyo, kila nilipowasha kitu barazani, alihakikisha kwanza mlango wa uani umefungwa na hakuna mgeni karibu na meza.

Msimu wa mvua uliopita binti yetu alikuja kujifungulia kwetu mtoto wake wa kwanza. Alipopata nguvu, mume wake akaja kuwachukua. Kijana huyo ni mtu wa Samuye, na kazi yake ni kuangalia jenereta na pampu ya maji kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo huko Geita. Ni mkwe mwenye adabu ya kizamani. Mbele ya mama mkwe wake huinamisha macho, naye mama mkwe humpisha njia. Hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja, wakitaka kuambiana jambo hupitia kwa binti. Kwangu mimi hapokei hata kikombe kwa mkono mmoja. Na niliwahi kumwona akiacha chakula chake kwa kuwa nimeinuka kubeba kiti. Kwake, baba mkwe kubeba kitu huku mkwe amekaa ni aibu ya kusimuliwa.

Tena transfoma niliyokuwa nayo mezani alinitafutia yeye, kwa wauza vyuma chakavu wa huko migodini. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo mchana ule, baada ya kula, aliomba aone kazi imefikia wapi.

"Shikamoo tena baba. Naweza kusogea?"

"Marahaba mwanangu. Sogea, ila usiguse kitu."

Akakaa kwenye kigoda mbali kidogo, mikono magotini. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa baraza, ametupa mgongo kama inavyotakiwa, sinia la mchele wa kuchagua ameliacha chini kando ya meza mkwe aliposogea, na mwiko mapajani kwa kisingizio cha ugali wa jioni. Binti alikuwa ndani na mtoto.

Nilikuwa najaribu sehemu ya umeme peke yake. Taa kubwa zilikuwa bado kwenye kitambaa, hazijapachikwa. Sanduku la bati la amplifaya, transfoma ikiwa ndani yake, lilikuwa mezani limegeuzwa, tumbo juu, nyaya zote nje. Niliwasha. Kitaa chekundu kikawaka. Nikapima kwa mkono mmoja, kipimo kikapanda mpaka nilipotaka.

Hapo ndipo upepo ulipokuja. Ulitoka upande wa ziwa bila kubisha hodi, ukainua kanga kwenye kamba, ukapiga bati la paa, na mara kitaa chekundu kikazimika. Umeme wa kijiji kizima ulikuwa umekatika. Mvua ikaanza kuingia barazani kwa ubavu.

Jambo la kwanza nililofikiri ni kijiti changu. Hakikuwa mezani. Upepo ulikuwa umekisukuma, nikakiona chini, kimeviringika hadi ukutani. Nikainuka kukifuata.

Kuinuka kwangu ndiko kulikoharibu. Kijana aliona mzee anainuka, mvua inanyesha juu ya kazi yake, akajua nataka kulibeba lile sanduku zito. Akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Acha baba, mimi nipo!"

"Usiguse!"

"Umeme umekatika baba, hakuna shida!"

Kwake hapakuwa na shida kweli. Duarani jenereta ikizimwa, kebo imekufa, mtu anaishika na kuikunja begani. Sauti yangu aliisikia, lakini aliielewa kama mzee anayemwonea mgeni huruma, anayesema usijisumbue. Ndivyo tunavyokataana msaada kwetu: unakataa, mwenzako anasisitiza, unakataa tena, anabeba. Kadiri nilivyozidi kusema usiguse, ndivyo adabu ilivyozidi kumsukuma.

Na angebebaje? Kwa mikono miwili. Kitu cha baba mkwe hakibebwi kwa mkono mmoja.

Mkono wake wa kushoto ukashika ukingo wa bati. Nilikuwa nimeinama, kijiti nimekipata, meza iko kati yangu na yeye. Niliuona mkono wa kulia unakwenda, vidole vimekunjuka, kuelekea ndani ya sanduku pale ambapo mtu yeyote angeshika apate nguvu ya kuinua, na pale ndipo ulipokuwa mguu wa kapasita. Nilitaka kulitaja jina la Yesu. Midomo ilifunguka, halikutoka.

Kilichosikika ni mwiko.

Mke wangu alikuwa amevuka baraza lote. Alimpiga mkwe wake kifundoni mwa mkono wa kulia kwa nguvu zote za mwanamke aliyesonga ugali maisha yake yote, tena akamsukuma kifuani kwa mpini. Kijana akarudi nyuma akaanguka juu ya kigoda. Sanduku likamfuata, likapinduka, likaangukia sinia la mchele kifudifudi.

Ukatoka mlio kama wa bunduki. Mwanga wa buluu ukapasuka chini ya bati, mchele ukaruka, harufu ya kuungua ikajaa. Binti akatoka mbio na mtoto kifuani.

"Nini? Baba, nini?"

Kijana alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kifundo chake, anatazama sinia. Nililigusa sanduku kwa kijiti kwanza, kisha nikaligeuza. Kwenye sinia palikuwa na tundu dogo, kingo zake nyeusi. Kidole cha mtoto kingepita.

"Hiyo," nilimwambia, "ilikuwa imebaki baada ya umeme kukatika."

Alitazama tundu, kisha mikono yake, wa kushoto na wa kulia.

Mke wangu alikuwa bado amesimama na mwiko. Ndipo akajiona alipo: mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, kanga ya kichwa imeanguka, na amempiga. "Mayu, mama wee!" akasema kwa sauti ndogo, akakimbilia jikoni na kufunga mlango. Jioni ile hakutoka. Nilimsikia akilia, nikaingia, nikakaa naye chini. Nilingoja aniambie nilichostahili kuambiwa. Alisema tu, "Yuko hai?"

"Yuko hai. Anakula."

"Basi sali wewe. Mimi sina maneno."

Tukasali kwa kushukuru. Nimeongoza sala nyingi, ila ile sikuimudu vizuri.

Kwetu mama mkwe kumgusa mkwe ni jambo la kutengenezwa. Asubuhi binti alipita kati ya jikoni na baraza akibeba maneno.

"Mama anasema anaomba radhi, na jogoo huyu ni wako."

"Mwambie mama jogoo nimempokea. Na mwambie mkono wake ni mzito kuliko wa msimamizi wa duara."

Binti akaingia. Tukasikia kicheko jikoni, kikazibwa upesi kwa kanga.

"Mama anasema kama umesahau somo, mwiko bado upo."

Wakaondoka kwenda kupanda basi, mtoto mgongoni, jogoo kwapani, kifundo cha baba mtoto kimevimba. Mkwe alitoa kitenge kwa mama mkwe wake kupitia mkono wa binti, na heshima ikarudi mahali pake.

Amplifaya haikutupwa. Mke wangu aliweka sharti moja: ile resista ya kumwaga umeme isikae tena kwenye kijiti. Ilehemiwe ndani ya sanduku, kwenye miguu ya kapasita, kabla ya waya mwingine wowote, ili ukizima mtungi ujimwage wenyewe. Alisimama nyuma yangu hadi lehemu ikapoa. Hata hivyo sijaacha kijiti, naye hajaacha kuuliza. Nikizima tu, sauti hutoka jikoni: "Imekufa?" Nami sijibu mpaka nimepima.

Ilipoimba mara ya kwanza, nilimpigia simu mkwe wangu nikaiweka karibu na spika, wanakwaya wetu wa kigango wakiimba kwenye kanda kwa ile sauti nene niliyoitamani tangu utoto. Alisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake karasha ilikuwa inasaga mawe.

"Nzuri sana baba," akasema. "Mama yuko karibu?"

"Yupo hapa, anakusikia."

Akasogea pembeni, mlio wa karasha ukapungua.

"Mwambie nasikiliza nikiwa na mkono mmoja mfukoni."